Mayai yanagawanyika, blastosisti hazitoki: kisa cha viinitete vya mbuzi kwenye maabara ya mwinuko

Mayai 220 ya mbuzi yamechanganywa na mbegu, yamesafishwa na kuwekwa kwenye matone ya kuoteshea. Saa 48 baadaye 150 yamegawanyika, yaani asilimia 68. Siku ya nne viinitete vingi vina seli 8 hadi 16, seli zimelingana, hakuna vipande vilivyomeguka. Hadi hapo kazi inaonekana safi. Siku ya nane blastosisti, yaani viinitete vilivyojaza maji na kufika hatua ya kupandikizwa, ni 11 tu, asilimia 5 ya mayai yaliyoingia, na tatu kati yake ni hafifu. Viinitete vingine vyote vimesimama palepale vilipoonekana siku ya nne, na baadhi vimeanza kuwa vyeusi.

Mapishi yanayotumika yametoka kwenye maabara ya pwani, ambako hutoa blastosisti asilimia 20 hadi 30 ya mayai. Kemikali ni zilezile, mikono ni mizoefu. Kilichobadilika ni mahali: maabara hii iko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kimo cha Nairobi au Mbeya. Namba za bechi katika uchambuzi huu ni za mfano, zimepangwa ili hesabu ifuatike, lakini tatizo lenyewe si la kubuni. Huwakuta wanaohamisha kazi kutoka bondeni kwenda mlimani, na wengi hupoteza muda mrefu wakilaumu mayai au beberu.

Jambo moja kuhusu vifaa lisemwe mapema kwa kuwa ndilo lililobeba kisa chote. Maabara ina inkubeta moja inayodhibiti kabonidayoksaidi peke yake. Mayai hupevushwa na kurutubishwa humo. Uoteshaji wa siku saba au nane unahitaji oksijeni ya chini, asilimia 5 badala ya 20 ya hewa ya kawaida, na inkubeta ya gesi tatu ni ghali. Kwa hiyo visahani vya kuoteshea hufungiwa ndani ya kasha la plastiki lisilopitisha hewa, linajazwa gesi kutoka mtungi uliochanganywa tayari: kabonidayoksaidi 5, oksijeni 5, naitrojeni 90. Kasha linawekwa ndani ya inkubeta ileile lipate joto. Ni njia ya gharama nafuu na inafanya kazi vizuri, mradi mtu ajue inavyoweza kumponyoka.

Kutoka machinjioni hadi siku ya pili

Ovari 64 zilichukuliwa kwenye machinjio ya mbuzi ndani ya dakika chache baada ya kuchinjwa, zikatiwa kwenye maji ya chumvi ya 0.9% yenye antibiotiki ya jentamisini mikrogramu 50 kwa mililita, ndani ya chupa ya chai yenye joto la 30 hadi 35. Zilifika maabara chini ya saa tatu. Anayezikusanya huvaa glavu kila mara. Bakteria wa Brusela hupita kwenye majimaji ya uzazi, na homa ya Malta wanayoileta si ugonjwa wa kuchezea.

Ovari za machinjioni hazina thamani ya kizazi. Mama hajulikani, maziwa yake hayajulikani, na pengine amechinjwa kwa sababu hazai vizuri. Kazi yake ni kuupima mfumo. Mayai ya mbuzi bora, awe Saanen, Toggenburg au Galla aliyechaguliwa, yasiingie kwenye maabara ambayo haijathibitisha kwamba mayai ya bure yanafika blastosisti.

Ovari ya mbuzi ni ndogo na vifuko vingi vya mayai havizidi milimita 6, kwa hiyo kufyonza kwa sindano huacha mayai mengi. Hapa ovari zilikatwakatwa kwa wembe, mikato ya kina cha milimita 1 hadi 2, ndani ya midia (kimiminika cha lishe) yenye bafa ya HEPES ya kuzuia asidi isiyumbe. Mayai 260 yalichaguliwa: yale yaliyozungukwa na tabaka tatu au zaidi za seli za kumulasi, zile zinazolilea yai, zikiwa zimeshikana, na yenye ndani ya rangi moja isiyo na mabaka.

Kupevusha kulifanyika kwenye midia ya TCM-199 yenye seramu asilimia 10, homoni za FSH, LH na estradioli mikrogramu 1 kwa mililita, pamoja na sisteamini mikromola 100. Mayai 25 hadi 30 kwa tone la mikrolita 100 chini ya mafuta ya madini, nyuzi 38.5, saa 24 hadi 27. Sisteamini isiachwe kwa kubana matumizi, kwani huliwezesha yai kujiwekea akiba ya glutathioni, kinga yake dhidi ya sumu za oksijeni siku zitakazofuata. Baada ya saa 24 mayai 20 yalivuliwa seli zake na kutiwa rangi: 16 yalikuwa yamefika hatua ya metafezi ya pili, yaani yako tayari kurutubishwa. Asilimia 80 ni kiwango kizuri.

Mbegu zilikuwa za kugandishwa, beberu mmoja. Kwa mbuzi hilo lina mtego wake: tezi za beberu hutoa vimeng'enya vinavyoshambulia kiini cha yai la kuku na maziwa, vitu vilevile vinavyotumika kuhifadhia mbegu, na mbegu ambazo hazikuoshwa kabla ya kugandishwa huyeyuka zikiwa dhaifu. Mirija iliyeyushwa kwa nyuzi 37 kwa sekunde 30, mbegu zikapitishwa kwenye tabaka mbili za Percoll (kimiminika kizito cha kuchuja mbegu hai), asilimia 45 na 90, zikawekewa heparini ya kuziandaa kurutubisha na kuchanganywa na mayai kwa kiwango cha milioni 1 kwa mililita, saa 18. Kisha mayai 20 mengine yalitiwa rangi. Kumi na manne yalikuwa na viini viwili, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Mawili yaliingiwa na mbegu zaidi ya moja. Yaliyobaki 220 yakaenda kwenye matone ya SOF, midia iliyotungwa mwaka 1972 na Tervit na wenzake kwa kuiga majimaji ya mrija wa uzazi wa kondoo. Siku ya tatu kasha lilifunguliwa ili kuongeza seramu, likafungwa tena.

Kusoma mahali zilipokwamia

Kiinitete kinapokufa huacha dalili katika hatua kilipofia. Mayai yasipogawanyika kabisa, tafuta kosa kwenye upevushaji au kwenye mbegu. Yakigawanyika ovyo, seli 3 au 5 zisizolingana, shuku mbegu nyingi kuingia yai moja. Yakifika morula, fungu la seli zilizoshikana kabla ya blastosisti, yakashindwa kujaza maji na kuwa blastosisti, angalia lishe ya siku za mwisho na akiba ya yai lenyewe.

Seli 8 hadi 16 ni suala jingine. Kwa mbuzi, kama kwa kondoo na ng'ombe, hadi hapo kiinitete kinaendeshwa na akiba ambayo mama aliiweka ndani ya yai. Hapo ndipo jeni zake mwenyewe zinawashwa na kuanza kuamuru. Ni kipindi ambacho kiinitete hakina ustahimilivu: pH (kipimo cha asidi) ikipanda kidogo, oksijeni ikizidi, joto likiyumba, kinasimama. Mgawanyiko mzuri wa siku ya pili hauthibitishi kwamba midia ya kuoteshea ni nzuri. Yai lenye akiba ya kutosha litagawanyika mara mbili au tatu hata kwenye mazingira mabaya. Wengi hudanganyika hapa: wanaona asilimia 68, wanasema maabara iko sawa, wanageukia beberu.

Beberu alipimwa hata hivyo, na njia iliyotumika inafaa kuigwa kwa sababu ni ya bei ndogo. Kwenye bechi iliyofuata mayai 60 yaliyopevuka hayakupewa mbegu. Yaliamshwa kwa kemikali: ayonomaisini mikromola 5 kwa dakika 5, kisha 6-DMAP milimola 2 kwa saa 4. Yai la namna hiyo hujidhania limerutubishwa, hugawanyika na linaweza kufika blastosisti, ingawa haliwezi kuzaa mwana. Yaliyogawanyika yalikuwa 45 na yaliyofika blastosisti yalikuwa 3. Yalikwama palepale. Kwa kuwa hapakuwa na mbegu hata moja, beberu hana kosa. Angalau hana kosa kubwa.

Zikabaki pande mbili: yai au mazingira ya kuoteshea. Kuhusu yai, kupevuka kwa kiini si sawa na kupevuka kwa yai zima, na mayai kutoka vifuko vidogo chini ya milimita 3 yana uwezo mdogo. Kipimo chake ni rangi ya brilianti kresili bluu, mikromola 26 kwa dakika 90 kabla ya kupevusha. Yai lililomaliza kukua hubaki la bluu; lile ambalo bado linakua huimeng'enya rangi na kuwa halina rangi. Mayai ya bluu pekee yalioteshwa kando. Yalipata blastosisti asilimia 7. Tofauti na asilimia 5 ni ndogo mno kueleza anguko lote. Uchunguzi ukahamia kwenye kasha.

Asilimia 5 ya nini?

Kwanza vilipimwa vitu vya haraka. Joto ndani ya tone, si ukutani mwa inkubeta, lilikuwa 38.4. Osmolaliti ya SOF, kipimo cha wingi wa chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka, ilikuwa 275. Mafuta yalikuwa mapya, yamehifadhiwa gizani. Maji yalikuwa safi. Hakuna kilichoonekana.

Halafu pH. Mililita 1 ya SOF iliwekwa kwenye kibomba chenye kifuniko kilicholegezwa, ikalala ndani ya kasha pamoja na gesi usiku kucha, ikapimwa asubuhi kwa elektrodi ndogo ndani ya nusu dakika tangu kasha lifunguliwe. Haraka hiyo ni ya lazima, maana kabonidayoksaidi hutoroka na pH hupanda mbele ya macho. Kipimo kilisoma 7.51. Kinachotafutwa ni 7.25 hadi 7.38. Midia ileile ikiwa imelazwa wazi ndani ya inkubeta, nje ya kasha, ilisoma 7.36.

Tofauti hiyo inaelezeka kwa hesabu. Midia inayotegemea baikabonati kudhibiti pH haijui asilimia. Inachohisi ni shinikizo la kabonidayoksaidi lililopo juu yake. Usawa wa bahari hewa ina shinikizo la milimita 760 za zebaki. Toa 51 za mvuke wa maji katika nyuzi 38.5, zinabaki 709, na asilimia 5 yake ni 35.4. Kwenye mita 1,700 hewa ina takriban 619. Toa 51 zilezile, kwa kuwa mvuke hufuata joto bila kujali mwinuko, zinabaki 568. Asilimia 5 yake ni 28.4. Kabonidayoksaidi imepungua kwa moja ya tano huku lebo ya mtungi ikisema kitu kilekile. Kwenye pH punguzo hilo ni ongezeko la karibu 0.1. Kwa kiinitete kinachojaribu kuwasha jeni zake, ongezeko hilo ni mzigo wa kweli: kinalazimika kutumia nguvu kusukuma baikabonati nje badala ya kujijenga.

Mbona basi inkubeta yenyewe ilitoa 7.36 nayo imewekwa 5? Hapa ndipo watu wawili kwenye jengo moja hubishana na wote wana haki. Inkubeta nyingi za sasa hupima kabonidayoksaidi kwa miale ya infraredi. Kihisi hicho kwa hakika huhesabu wingi wa molekuli zilizo mbele yake, kisha huuandika kama asilimia kana kwamba kiko ufukweni. Kikiwa hakina marekebisho ya shinikizo, kinapoandika 5 mlimani, ndani kuna zaidi ya asilimia 6 kwa ujazo, na pH inakaa mahali pake kwa bahati njema. Siku fundi atakapokuja na kifaa kinachosoma kwa ujazo, akaona 6.2 na kuirudisha inkubeta kwenye 5 "sahihi", pH itapanda na mayai yataanza kukwama mapema zaidi. Mtungi wa gesi iliyochanganywa hauna kihisi. Ni asilimia 5 kwa ujazo popote uendapo. Ndiyo maana upevushaji na urutubishaji, vilivyofanyika ndani ya inkubeta, vilitoa matokeo mazuri, na uoteshaji ndani ya kasha ukaanguka.

Anayetaka kurudia hesabu hii kwa mahali pake achukue shinikizo halisi la pale alipo. Namba inayotangazwa na programu za hali ya hewa, ile ya elfu moja na kitu hektopaskali hata ukiwa Nairobi, imekwisha kugeuzwa kuwa ya usawa wa bahari na itakupoteza. Tumia baromita, au kihisi cha shinikizo kilicho ndani ya baadhi ya simu, ambacho husoma shinikizo la mahali. Kwa mita 1,700 kinapaswa kuonyesha karibu hektopaskali 825.

Lakini mwinuko haukueleza yote. Ongezeko la 0.1 lingetoka 7.36 hadi karibu 7.46, na kipimo kilikuwa 7.51. Sehemu iliyobaki ilipatikana kwa povu la sabuni. Kasha lilijazwa gesi, likabanwa, likapakwa maji ya sabuni kwenye maungio, na upande mmoja wa oringi, mpira unaoziba kasha, vikatoka vijipovu vidogo, kimoja kimoja. Mpira ulikuwa umekauka na kupata ufa mwembamba kwa kufutwafutwa na spiriti. Uvujaji wa namna hiyo hauonekani kwa saa chache, lakini kwa usiku mzima kabonidayoksaidi inapungua na, vibaya zaidi, oksijeni ya hewa inaingia. Kasha linalodhaniwa lina asilimia 5 linapanda kuelekea 20.

Likaongezeka kosa la tatu, dogo, la ujazaji. Gesi ilikuwa ikipulizwa kwa dakika mbili kwa mkondo wa chini, kisha kasha likafungwa. Hewa ya zamani hubaki chini ya vifuniko vya visahani na ndani ya mafuta. Kasha la lita 6 hadi 7 linahitaji kupulizwa lita 20 kwa dakika kwa dakika 4, kufungwa, na kurudiwa tena baada ya saa moja kuondoa hewa iliyotoka kwenye visahani. Siku ya tatu, baada ya kuongeza seramu, utaratibu huohuo unarudiwa wote. Ni wakati huo, siku ya tatu na ya nne, kiinitete kinapopita seli 8 hadi 16. Kupuliza nusunusu hapo ni kukiumiza katika saa zake ngumu kuliko zote.

Kutenganisha makosa

Kishawishi ni kurekebisha kila kitu kwa pamoja na kusonga mbele. Afadhali bechi moja itumike kujua kila kosa lina uzito gani, kwa sababu siku matokeo yatakapoanguka tena utajua pa kuanzia. Upulizaji ulisahihishwa kwa wote. Mayai 200 ya bechi moja yaligawanywa manne, 50 kila kundi: oringi ya zamani na midia ya zamani, oringi mpya na midia ya zamani, oringi ya zamani na midia iliyorekebishwa pH, na vyote viwili vipya. Blastosisti zilikuwa 2, 5, 6 na 12.

Zisisomwe kwa pupa. Tofauti ya 2 na 12 kati ya 50 ni vigumu itokee kwa bahati. Tofauti ya 5 au 6 na 12 bado inaweza. Jaribio lirudiwe mpaka kila kundi lifike mayai 150 au zaidi, mbegu zikitoka mkupuo mmoja wa beberu mmoja, na makasha yabadilishwe kila raundi ili lisiwe kasha moja linalopendelewa na nafasi yake ndani ya inkubeta. Mwelekeo hata hivyo unasema jambo linaloaminika kibiolojia: kila kosa peke yake linaumiza, na yote pamoja yanaua.

Kusahihisha pH kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza mtungi wenye kabonidayoksaidi asilimia 6.2 badala ya 5, oksijeni 5, iliyobaki naitrojeni. Oksijeni haihitaji kuguswa. Kupungua kwake kwa sababu ya mwinuko hakuna madhara yanayoonekana. Wauzaji wa gesi huchanganya kwa oda, ila waombe cheti cha mchanganyiko, kwa kuwa mtungi ulioandikwa 6 unaweza kuwa 5.6. Ya pili, ambayo ndiyo iliyotumika kwenye jaribio, ni kupunguza baikabonati kwa uwiano uleule ambao kabonidayoksaidi imepungua. SOF yenye baikabonati ya sodiamu milimola 25, yaani gramu 2.10 kwa lita, ilishushwa hadi milimola 20, gramu 1.68 kwa lita, na chumvi ya kawaida ikaongezwa gramu 0.29 kwa lita ili osmolaliti isishuke. Midia hiyo ililala usiku mmoja ndani ya kasha lenye oringi mpya ikasoma 7.35.

Njia ya pili ni rahisi lakini ina hatari yake. Chupa hiyo ni ya kasha hilo na mtungi huo tu. Mtu akiichukua akaiweka kwenye inkubeta yenye kihisi kilichoelezwa juu, pH itashuka chini ya 7.3, na siku mtungi wa asilimia 6.2 utakapofika atakuwa amesahihisha mara mbili. Iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye kila chupa. Tukipewa kuchagua, tunachagua mtungi wa oda; kosa la lebo hutokea mara nyingi kuliko kosa la mtungi.

Ndani ya kila kasha sasa hukaa kibomba kidogo cha midia yenye fenoli nyekundu, rangi inayobadilika pH inapobadilika. Rangi ya chungwa iliyoiva ni salama. Ikielekea pinki, kasha linavuja au gesi imeisha, na hilo linaonekana kupitia plastiki bila kufungua. pH kwa elektrodi inapimwa kila mtungi unapobadilishwa, kabla mayai hayajaingia. Oringi haifutwi kwa spiriti. Hufutwa kwa maji safi na kupakwa mafuta kidogo ya silikoni.

Blastosisti 11 na zinazofuata

Zile 11 za mwanzo zifanywe nini? Kuzipandikiza ni kupoteza majike. Kiinitete kilichopenya kwenye mazingira mabaya mara nyingi kina seli chache, na picha ya darubini haionyeshi hilo. Zilitiwa rangi na kuhesabiwa, na nyingi zilikuwa na seli chini ya 60. Blastosisti za kundi la nne, zilizotoka kwenye oringi na midia mpya, zilipita 80 na baadhi zilipita 100. Hesabu ya seli ni kipimo kinachostahili kufanyika kila mara unapobadilisha kitu, kwa kuwa asilimia ya blastosisti inaweza kupanda huku ubora ukibaki chini.

Viinitete vya ubora huo ndivyo vya kupandikizwa. Majike wapokeaji huwekewa sponji ya homoni ukeni kwa siku 11, na saa 48 kabla ya kuitoa huchomwa homoni ya eCG uniti 300 pamoja na kloprostenoli, dawa ya kufuta mzunguko wa zamani. Wengi hupata joto la kupandwa kati ya saa 24 na 48 baada ya sponji kutoka. Blastosisti ya siku ya 7 humfaa jike aliye siku ya 7 tangu joto lake, tofauti isizidi siku moja. Anafungwa chakula saa 24 na maji saa 12, analazwa chali kichwa kikiwa chini, na kwa laparoskopi (kamera nyembamba inayopita kwenye tundu dogo la tumbo) mtaalamu anatafuta ovari yenye korpasi luteamu, tezi inayobaki pale yai lilipotoka. Viinitete viwili vinawekwa kwenye ncha ya pembe ya mfuko wa uzazi upande huohuo. Jike asiye na korpasi luteamu inayoonekana vizuri arudishwe zizini. Kwa mbuzi mimba yote, siku 150, inategemea korpasi luteamu hiyo, na mbuzi wana tabia ya kuipoteza mapema baada ya homoni nyingi. Kipimo cha mimba kwa altrasaundi hufanyika siku ya 30 hadi 35.

Mbuzi bora wanaotoa mayai waingizwe pale tu mayai ya machinjioni yatakapotoa zaidi ya asilimia 20 kwa bechi tatu mfululizo. Hao hawachinjwi, mayai yao hufyonzwa kwa laparoskopi baada ya FSH na eCG saa 36 kabla, na jike mmoja kwa kawaida hutoa mayai 10 hadi 15, kazi inayoweza kurudiwa kwake mara kadhaa bila kumharibu. Mayai yao ni machache na kila kundi huoteshwa peke yake ili uzao ujulikane. Kwa hiyo siku hiyo ya kwanza, ndani ya kasha lilelile, pembeni ya matone yao, kuwe na kisahani cha mayai 40 ya machinjioni ya asubuhi ileile, yaliyopewa mbegu zilezile. Mayai ya jike bora yakikwama na yale 40 yakafika, kosa ni la homoni zake au la ufyonzaji. Yote yakikwama, funguo ziko kwenye kasha.